Mgonjwa Huyu Hadanganyi

(Mazungumzo ya muuguzi mmoja wa wodini na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uuguzi, Kanda ya Ziwa. Walikuwepo pia vijana wa klabu ya afya kutoka shule ya sekondari ya jirani. Tumeyaandika kama alivyoyasema, tukipunguza hapa na pale.)

Wale wa nyuma mnanisikia? Haya.

Mwalimu wenu amenipa kichwa cha habari kirefu: "Kuelewa mwenendo wa magonjwa na maana yake katika kumhudumia mgonjwa." Mimi nimekaa wodini miaka mingi, vichwa virefu vinaniletea usingizi. (Kicheko.) Kwa hiyo nitachukua ugonjwa mmoja tu, selimundu, ule ambao wengi mnauita sikoseli. Hapa Kanda ya Ziwa hakuna wodi ya watoto isiyo na mgonjwa wake.

Kwanza niungame kosa langu.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini. Zamu ya usiku, wodi imejaa, wauguzi tuko wawili. Akaletwa kijana wa kidato cha pili, miaka 17. Analia mguu, analia mgongo. Faili lake nene, karatasi zinachomoka. Ilikuwa mara yake ya tatu kulazwa tangu Pasaka. Nikamtazama mguu: hakuna jeraha, hakuna uvimbe, hakuna wekundu. Mkubwa wangu wa zamu akaninong'oneza, "Huyo keshazoea sindano. Usimdekeze." Nami nikaamini, maana aliyesema alikuwa mkubwa wangu.

Nikampima joto, likawa juu kidogo. Chuoni nilifundishwa kwamba mwenye homa apoozwe. Nikaloweka kitambaa katika maji ya mtungi, nikamfuta mwili mzima, nikafungua na dirisha ili upepo wa ziwa uingie. Mama yake alikuwa bado hajaondoka. Akaniambia kwa upole, "Sista, huyu hatakiwi kupigwa na baridi. Nyumbani huwa namkanda kwa kitambaa cha moto, na uji mwepesi namnywesha mpaka usiku." Mnajua nilimjibuje? "Mama, muuguzi hapa ni nani, mimi au wewe?" Saa za kutazama wagonjwa zimekwisha, nikamtoa nje.

Kabla ya alfajiri yule kijana alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda mlima mbio. Ameshika kifua, midomo imebadilika rangi. Daktari akaamshwa, ikaja oksijeni, dripu, antibiotiki, na baadaye damu. Alikaa kitandani siku 11, akapona. Siwezi kuapa kwamba ni kitambaa changu kilichomfikisha pale. Huenda kifua kilikuwa njiani kuja hata hivyo. Lakini najua kwamba kwa muda wa saa 6 alikuwa na maumivu makali bila dawa na bila maji, tena analowanishwa kwa maji baridi, kwa sababu mimi sikujua kinachotendeka ndani ya mifupa yake. Na mama ambaye hakumaliza darasa la saba alijua.

Alijua nini basi? Hebu tuingie ndani ya damu.

Damu yetu ina chembechembe nyekundu. Kila moja ni kama kifuko kilichojaa himoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuigawa mwilini. Chembe nzima ni ya mviringo, imebonyea katikati, na ni laini. Ulaini huo una maana kubwa, kwa sababu mishipa midogo kabisa ya damu ni myembamba kuliko chembe yenyewe. Ili ipite ni lazima ijikunje, ijipenyeze, kisha upande wa pili irudi katika umbo lake.

Mwenye selimundu ana himoglobini ya aina nyingine. Ikiwa imebeba oksijeni, inatulia. Ikishaitoa tu, zile himoglobini zinaanza kushikana zenyewe kwa zenyewe, zinajipanga kuwa kama vijiti vigumu ndani ya kifuko. Kifuko kinavutwa, kinapinda, kinakuwa na umbo la mundu. Wote mnaujua mundu, wa kuvunia mpunga. Sasa fikirini mundu unajaribu kupita kwenye mrija. Unakwama. Unaofuata unakwama nyuma yake, na chembe hizi zina tabia ya kunata kwenye kuta za mshipa, kwa hiyo foleni inakua. Sehemu iliyo mbele ya foleni haipati damu wala oksijeni. Mara nyingi sehemu hiyo ni uloto, yaani ile nyama laini iliyo katikati ya mfupa.

Hapo ndipo maumivu yanapotoka: mfupa unakosa hewa kwa ndani. Ngozi juu yake ni nzima, na hata picha ya eksirei inaweza kuwa safi kabisa. Ndiyo maana nilitazama mguu wa kijana yule nikaona hakuna kitu. Hakuna kipimo cha maabara kinachoweza kukuambia maumivu ya mgonjwa huyu ni makali kiasi gani. Kipimo ni yeye mwenyewe. Akisema yamefika 9 kati ya 10, andika 9 na mpe dawa iliyoandikwa, hata kama dakika 5 zilizopita ulimwona anacheka na jirani yake. Wagonjwa hawa wameishi na maumivu tangu utotoni, wamejifunza kucheka nayo.

Kuna anayeuliza, je, hawezi kuzoea dawa kali? Swali ni la haki. Lakini anayedai sindano kila baada ya saa 2 huku dawa yake imeandikwa kila baada ya saa 6, mara nyingi tatizo ni kwamba dawa haimtoshi. Mweleze daktari, usimtukane mgonjwa. Na ukishampa mofini, kazi yako haijaisha. Hesabu pumzi zake, maana mofini ikizidi inapunguza kupumua.

Tuendelee. Ni nini kinachozifanya chembe zipinde kwa wingi? Upungufu wa oksijeni, nimeshausema. Baridi hubana mishipa, foleni inaongezeka. Maji ya mtungi yalifanya hivyo hasa. Maambukizi yoyote, malaria ikiwa ya kwanza. Kuchoka kupita kiasi. Na upungufu wa maji mwilini, na hapa nataka nikae kidogo.

Maji yakipungua mwilini, ile himoglobini ndani ya kifuko inasongamana, inashikana upesi zaidi. Kwa hiyo mgonjwa huyu anahitaji kunywa sana. Lakini kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Figo zake nazo zimeumizwa na mizunguko hii ya kukwama, tangu akiwa mdogo. Figo nzima ikiona maji ni haba, hutoa mkojo mchache na mzito. Figo yake haiwezi. Inatoa mkojo mwingi, mwepesi, hata pale mwili unapokauka. Matokeo yake anapoteza maji usiku kucha, na mtoto wengi wao hukojoa kitandani hata akiwa mkubwa.

Mtoto huyo akiwa shule ya bweni yanampata nini? Ninyi wa sekondari mnajua kuliko mimi. Anaitwa kikojozi, anaanika godoro mbele ya wenzake. Na matroni, kwa nia njema kabisa, anamwambia, "Kuanzia saa 12 jioni usinywe maji." Mnaona? Amemtibu kukojoa kwa kumwondolea kitu kile kile kinachomlinda. Wiki inayofuata analia viungo, halafu tunashangaa kwa nini. Suluhisho ni kumwacha anywe, kumwamsha aende chooni mara moja au mbili, na mpira wa kutandika juu ya godoro. Na darasani mwalimu amruhusu kuwa na chupa ya maji na kutoka nje bila kuomba kwa magoti.

Wodini pia ni hivyo. Jagi liwe karibu na mkono wake. Msiseme "nimemwekea maji" wakati jagi liko mwisho wa meza na yeye hawezi kujigeuza. Andikeni alichokunywa na alichokojoa. Dripu nayo isifunguliwe bila hesabu, maana maji yakizidi yanaweza kwenda mapafuni, na mapafu ndiyo tunayoyaogopa kuliko yote.

Kwa nini mapafu? Mbavu zikiuma, mgonjwa anaogopa kuvuta pumzi. Anapumua juu juu. Sehemu za chini za mapafu zinalala, hazipati hewa. Damu inayopita pale inarudi bila oksijeni ya kutosha, chembe zinapinda zaidi, zinakwama humo humo mapafuni. Ndilo lililomkuta kijana wangu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba wagonjwa wenye maumivu ya kifua au mgongo wakivuta pumzi ndefu mara 10 kila baada ya saa 2 wakiwa macho, kwa kutumia kifaa maalumu, matatizo ya mapafu yanapungua sana. Wodi isiyo na kifaa hicho, mpe mtoto puto apulize, au povu la sabuni. Atadhani ni mchezo, na wewe umefanya uuguzi. Lakini mpe kwanza dawa ya maumivu, maana huwezi kumwambia mtu avute pumzi ndefu kwenye mbavu zinazowaka moto.

Sasa bandama. Hii ni kama chujio la damu, nayo ni mlinzi wetu dhidi ya vijidudu fulani hatari. Chembe za mundu huiziba na kuiharibu mapema, mara nyingi kabla mtoto hajafikisha miaka 5. Kwa hiyo mtoto wa selimundu mwenye homa ya 38.5 si sawa na mtoto wa jirani mwenye homa hiyo hiyo. Mwenzake anaweza kusubiri asubuhi. Huyu hasubiri: anaweza kuwa na vijidudu ndani ya damu, na kufa siku hiyo hiyo. Ndiyo sababu anapewa penisilini kila siku tangu uchanga hadi miaka 5 hata akiwa mzima, jambo lililothibitishwa mwaka 1986, na chanjo ya numokoka asiikose. Homa mpe parasetamoli, mwite daktari, tafuta chanzo. Maji ya baridi, hapana.

Wakati mwingine, kwa watoto wadogo, damu nyingi hunaswa ghafla ndani ya bandama. Tumbo linavimba upande wa kushoto, mtoto anapauka, analegea. Mfundisheni mama kupapasa bandama ya mwanawe kwa vidole kila siku ili ajue ukubwa wake wa kawaida. Siku itakapokua ghafla asingoje usafiri wa kesho.

Na neno juu ya damu. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ya mundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo maana hawa ndugu zetu wana upungufu wa damu siku zote, na macho yana umanjano kutokana na chembe zinazovunjika. Umanjano huo umewapa watu maneno mengi mtaani, eti ana UKIMWI, eti amerogwa. Mwuguzi mgeni naye akiona himoglobini ni 7, anakimbilia chupa ya damu. Muulize kwanza mgonjwa: kawaida yako ni ngapi? Wengi wanaijua. Aliyezoea 7 na yuko sawa hahitaji damu kwa sababu ya 7. Aliyezoea 9 akashuka ghafla hadi 5, huyo usimwache.

Nisizungumze habari za wodini tu. Ugonjwa huu uliandikwa kwa mara ya kwanza katika majarida ya kitabibu ya nchi za Magharibi mwaka 1910, na daktari James Herrick wa Chicago, Marekani. Mgonjwa alikuwa kijana kama ninyi, mwanafunzi wa udaktari wa meno kutoka kisiwa cha Grenada, jina lake Walter Clement Noel. Alifika hospitali mwaka 1904, na aliyezitazama chembe zake kwenye hadubini alikuwa daktari mdogo aliyekuwa mazoezini, Ernest Irons. Noel alimaliza masomo, akarudi kwao kung'oa watu meno, akafariki mwaka 1916. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake wakaonyesha kwamba kosa liko kwenye himoglobini yenyewe. Na mwaka 1957 Vernon Ingram akaonyesha kwamba tofauti ni kiungo kimoja tu katika mnyororo wa viungo 146. Kimoja! Hebu fikirini maumivu yote yale.

Kwa nini uko kwetu kwa wingi? Hilo lilipatiwa jibu hapa hapa Afrika Mashariki. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali, akaona kwamba wenye kurithi tabia hii ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na ni wachache milimani. Yaani walipo mbu ndipo walipo. Mwaka 1954 akachapisha kwamba aliyerithi upande mmoja tu, kwa baba au kwa mama, anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Huyo si mgonjwa, ni mbebaji. Lakini msichanganye: aliyerithi pande zote mbili ndiye mgonjwa, na kwake malaria ni adui mkubwa. Chandarua asikose, na dawa ya kinga kama kliniki ilivyopanga.

Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa mtoto mgonjwa. Nasema kila mimba. Nimewasikia wazazi wakisema, "Wa kwanza ameshaumwa, basi watatu wanaofuata wamesalimika." Sivyo. Kila mimba karata zinachanganywa upya. Wala si kosa la mama peke yake. Baba naye ametoa nusu. Wanawake wangapi wamerudishwa kwao kwa jambo hili! Tanzania inakadiriwa kuzaa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Kipimo cha damu kipo. Vijana mnaotazamana tazamana hapo nyuma, pimeni kabla ya posa. (Kicheko.)

Sasa maswali.

Swali: Sista, ni kweli kwamba wavulana wenye sikoseli… ule uume… (Kicheko.)

Jibu: Msicheke, ameuliza jambo la maana kuliko yote ya leo. Ndiyo. Chembe zinaweza kukwama humo pia. Uume unasimama bila hamu, unauma, haulali. Wavulana wengi wanaona aibu, wanajifungia. Akinywa maji, akikojoa, akatembea kidogo, unaweza kutulia. Ukipita saa 4 ni dharura ya hospitali, vinginevyo anaweza kupoteza nguvu zake kabisa. Mwuguzi anayecheka mlangoni atamfanya kijana huyo asirudi tena. Na kubalehe kwao huchelewa, wavulana kwa wasichana. Waambieni kutakuja.

Swali: Kuna dawa ya kuuponya?

Jibu: Kupandikizwa uloto kunaponya, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma imeshawafanyia watoto. Lakini anahitajika mtu wa kumtolea anayefanana naye, mara nyingi ndugu wa tumbo moja, na gharama ni kubwa. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kurekebisha vinasaba, bei yake kule Marekani ni zaidi ya dola milioni 2 kwa mtu mmoja, kwa hiyo tusidanganyane. Iliyo karibu nasi ni vidonge vya haidroksiyurea. Mmewahi kujiuliza kwa nini mtoto mchanga wa selimundu haumwi mpaka miezi 6 hivi? Ni kwa sababu bado ana himoglobini ya tumboni, ambayo haipindi. Dawa hii inauamsha mwili uitengeneze tena. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto walioitumia walipungukiwa maumivu, malaria na hata vifo. Inatakiwa kupima damu mara kwa mara, na msichana anayetaka mimba aongee na daktari kwanza.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa hapa chuoni. Nina sikoseli. Sijawahi kusema mbele ya watu. Nitaweza kazi hii?

Jibu: Ahsante, mwanangu. Simama tukuone. Wapo wauguzi na madaktari wenye selimundu, wanafanya kazi. Lakini tusifichane: zamu za usiku mfululizo zitakuumiza, na wodi yenye baridi itakuumiza. Mwambie msimamizi wa mazoezi mapema, kabla hujaanguka, akupangie zamu zenye nafasi katikati. Kama ataona unadeka, niite, nitakuja kumsimulia habari za kitambaa changu. Sweta liwe kwenye mkoba hata mwezi wa 10. Na kliniki usiache kwa sababu wiki hii huumwi.

Hiyo chupa iliyo mbele yako ni yako? Mbona imejaa tangu nianze kuongea? Kunywa, tunakungoja.